Lugha au Jiografia: kuhusu somo la tatu la kombi yako

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na dirisha la kubadili machaguo ya kombi kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform likafunguliwa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtoto ana Historia nzuri na Kiingereza kizuri, sasa la tatu liwe Kiswahili au Jiografia? Yaani kombi, ule mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, iwe HKL au HGL (L ni Kiingereza). Wengine wanaligeuza: wana Historia na Jiografia, wanajiuliza wamalizie na lugha (HGK au HGL) au na Uchumi (HGE). Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita, na jibu langu halianzii kwenye ajira wala jina la shule. Linaanzia kwenye kazi yenyewe: kwa miaka miwili, kila jioni ukikaa mezani, utakuwa unafanya nini?

Naanzia hapo kwa sababu Kiswahili ndilo somo linalochaguliwa na kukataliwa kwa hoja ileile moja: "Hicho nakijua." Anayelichagua anaona ni mteremko. Anayelikataa anaona haya kusomea kitu anachokizungumza tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Wote wawili hawajaona kilichomo.

Chukua mfano mdogo kabisa wa sarufi. Pika, pikia. Lima, limia. Kata, katia. Funga, fungia. Sasa soma: hatusemi "somia", tunasema somea. Cheza, chezea. Leta, letea. Choma, chomea. Mtoto wa miaka minne wa Tanga au Morogoro hakosei hata mara moja, lakini muulize mwanafunzi wa kidato cha tano kwa nini mara inakuja i na mara inakuja e, utaona darasa zima limenyamaza. Jibu liko kwenye irabu ya mzizi: ikiwa ni a, i au u, kauli ya kutendea inachukua i, ikiwa ni e au o, inachukua e. Basi? Hapana, haijaisha. Kimbia inakuwa kimbilia, ondoa inakuwa ondolea, vaa inakuwa valia. Hiyo l imetoka wapi? Ilikuwepo zamani kwenye mzizi, ikadondoka katikati ya irabu, na inajitokeza tena tunaponyambua. Wachewa wa Malawi hawakuipoteza, mpaka leo wanasema kuvala. Hapo umeanza na sarufi ya mtoto mdogo, umefika kwenye ushahidi wa kiisimu kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na hilo ni swali la mada nyingine kabisa, ile ya chimbuko na maendeleo ya Kiswahili.

Ukisoma aya hiyo ukajikuta unatafuta vitenzi vingine ujaribu mwenyewe, lugha ni mahali pako. Ukiwa umeiruka, lichukulie jambo hilo kwa uzito, maana sarufi ya aina hiyo ipo tele, na juu yake kuna fasihi: riwaya, tamthiliya na diwani za ushairi ambazo hutaulizwa hadithi yake ilikwendaje, utaulizwa mwandishi ameijenga vipi na ujenzi huo umesaidia nini. Aliyezoea kukariri "dhamira kumi" za kila kitabu, kama wengi walivyofaulu nazo kidato cha nne, huku juu anapigwa na swali la kwanza tu linaloomba hoja.

Mzazi mmoja alinijia ofisini na binti yake, akaniuliza kwa uchungu wa kweli: "Mwalimu, yaani nilipe ada miaka miwili mtoto akasome Kiswahili?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu kwanza jaribu hili swali," nikampa karatasi ya mtihani wa zamani iliyokuwa mezani. Aliisoma kwa utulivu, akarudia swali moja mara mbili. Binti akaanza kulijibu kwa sauti, akimwonesha baba yake kwa kidole. Mazungumzo yetu yalibadilika kuanzia pale, kwa kuwa sasa tulikuwa tunazungumza juu ya kitu ambacho wote tunakiona.

Jiografia nayo ina watu wanaoikimbilia bila kuiangalia. Wengi wanaipenda kwa kumbukumbu ya kidato cha pili: mito, maziwa, madini, mazao. Huku juu kuna ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini, na unaambiwa uchore mkato wa ardhi kutoka kilima hiki hadi bonde lile. Ukichagua sentimita 1 wima isimame badala ya mita 50 za kimo, lazima ujue kwamba umekuza wima mara 10, na uoneshe hesabu yake. Kuna takwimu, kuna upimaji ardhi, kuna udongo na miamba na namna mto unavyokata njia yake. Mwanafunzi aliyekuja sanaa kwa kuikimbia Hisabati anaikuta imemsubiri kwenye Jiografia. Wapo wanaoifurahia mno sehemu hiyo, na hao nawaambia wasisite: mtu anayefikiria mipango miji, mazingira, upimaji au usimamizi wa ardhi asiiache Jiografia kwa sababu ya kuhofia karatasi ya kwanza ya mtihani.

Kuna tofauti nyingine ambayo haitajwi kwenye vikao vya familia, nayo ni lugha ya kujibia. Historia, Jiografia na Uchumi vyote unavijibu kwa Kiingereza. Kwa wanafunzi wengi wa shule zetu za kata, Kiswahili ndilo somo pekee la kombi ambamo wanaweza kubishana kwa nguvu zao zote, bila hoja kukwama kwenye msamiati. Nimeona vijana waliokuwa wanyonge kwenye insha za Historia wakiandika Kiswahili kurasa sita zenye mantiki inayoshikamana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ujuzi huo wa kujenga hoja unahamia kwenye masomo mengine, polepole. Lakini upande wa pili lazima usemwe. Chuo kikuu kozi nyingi utazisoma kwa Kiingereza, na anayechukua HGK anakaa miaka miwili bila Kiingereza kuwa somo la kombi yake. Nikiwa na mwanafunzi wa HGK namsisitiza asome vitabu vya Kiingereza nje ya darasa tangu siku ya kwanza. HKL ina nafuu hapo, na ndiyo maana kwa anayependa lugha kwa dhati naielekea zaidi.

Tuje kwenye hesabu ya vyuo, kwa sababu inapotoshwa sana mitaani. Kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 anahitaji angalau ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini tu; kozi zenye ushindani zinataka zaidi, na nyingine zinataja masomo kwa majina. Sasa mwanafunzi ana C ya Historia. La pili bora likiwa Kiswahili chenye B, ana pointi 7. La pili bora likiwa Jiografia yenye D, ana 5. Somo lenye "heshima" lililokupa D halikubebi kuliko somo ulilolimudu. Lakini kama kozi unayoitaka inalitaja somo fulani kwa jina, B ya somo jingine haitalifungua lango hilo. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya kipi bora, fungua mwongozo wa TCU wa mwaka husika, tafuta kozi tatu unazozitamani, usome mstari wa sifa za kuingilia neno kwa neno.

Uchumi ndio mfano ulio wazi. Kijana anayetaka kuwa mchumi au kuingia fani za fedha, halafu akaacha Uchumi kwa kuwa Kiingereza kinampa A, anajifungia mlango mwenyewe. Hapo sina maneno mengi: achukue HGE, au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) kama Hisabati anaiweza, na lugha aiendeleze kwa kusoma. Fani ya sheria ni kinyume chake. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuandika hukumu na kufasiri sheria kwa Kiswahili safi inahitaji watu waliosoma lugha kwa kina, siyo waliozaliwa nayo tu. Anayetaka sheria simzuii hata kidogo kuchukua HKL.

Kuhusu ualimu nitasema ukweli ninaoujua kwa karibu: walimu wa masomo ya sanaa waliohitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na hilo linagusa Kiswahili, Historia na Jiografia vilevile. Hivyo kuhama kutoka Kiswahili kwenda Jiografia kwa matumaini ya kuajiriwa ualimu haraka hakusaidii kitu. Tunasikia pia redioni kwamba SADC ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019, UNESCO ikatenga Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Nafurahia kila moja ya hatua hizo, na nimezipigania kwa kalamu yangu. Ila nafasi zinazotokana nazo, za ukalimani, tafsiri na kufundisha wageni, zinamtaka mtu mwenye lugha mbili zilizokomaa. Kiswahili peke yake hakimtoshi mkalimani, kwa kuwa lazima atoke lugha moja kwenda nyingine.

Ndiyo maana Kifaransa nakitazama tofauti. Aliyepata Kifaransa kizuri kidato cha nne ameshika kitu adimu. Burundi na Kongo zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imejiunga mwaka 2022, na Kifaransa kilikubaliwa na wakuu wa nchi mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiswahili. Shehena za nchi hizo zinashuka Dar es Salaam kila siku. Dereva wa Lubumbashi mtaelewana kwa Kiswahili bila shida, lakini nyaraka alizobeba zimeandikwa Kifaransa. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kuacha Kifaransa ili achukue Jiografia ya D naona ni hasara, na KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) ni kombi ninayoitetea popote. Sharti langu ni moja: hakikisha shule uliyoichagua ina mwalimu wa Kifaransa anayefundisha kidato cha sita sasa hivi. Piga simu shuleni uulize. Lugha ya kigeni bila mwalimu haisomeki kwa madesa.

Hilo la kuhakikisha linagusa pia tahasusi mpya, yaani kombi kwa jina lake rasmi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, nyingi zikiwa mpya, na ndani yake lugha zimepewa nafasi pana: Kifaransa, Kiarabu na Kichina vinaweza kuungana na masomo ya sayansi ya jamii kwa namna ambayo zamani haikuwepo. Kwa anayeng'ang'ana kati ya lugha na Jiografia, hii ni habari njema, kwa kuwa zipo zinazobeba vyote viwili. Lakini kombi kuwepo kwenye orodha ya taifa na kuwepo kwenye shule unayopangiwa ni mambo mawili.

Na kama umesharipoti, ukakaa darasani, ukaona umekosea, nenda kwa mwalimu wa taaluma wiki ya kwanza au ya pili, ukiwa na matokeo yako mkononi. Atakuuliza mambo mawili: kombi unayoitaka ina nafasi hapa shuleni, na alama zako za kidato cha nne zinaikubali? Majibu yakiwa ndiyo, kubadilisha ndani ya shule huwa hakuna ugumu mkubwa. Ukija mwezi wa kumi utakuta Jiografia imeshamaliza ramani na Kiswahili kimeshavuka uundaji wa maneno, na mada hizo hazirudiwi darasani. Utazisoma mwenyewe usiku, kwa madaftari ya kuazima.