Ireland iligawanywa kabla ya mkataba wa Desemba 1921

Katika makundi ya WhatsApp unarudi tena na tena ujumbe unaodai kwamba wajumbe wa Ireland waliotia saini mkataba na Uingereza tarehe 6 Desemba 1921 waliuza kaunti sita za kaskazini, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya wenzao wa mapambano kuwageukia kwa silaha. Tarehe zenyewe hazikubaliani na dai hilo. Sheria iliyoigawa Ireland ilipitishwa na bunge la Uingereza mwaka 1920, ikaanza kutumika Mei 1921, na mfalme alikwenda Belfast kufungua bunge la kaskazini tarehe 22 Juni, takriban wiki tatu kabla mapigano kati ya wapigania uhuru wa Ireland na Uingereza hayajasitishwa.

Anayetaka kuhakiki asome kumbukumbu, zilizo wazi mtandaoni, za mjadala wa bunge la Ireland mjini Dublin kuhusu mkataba huo, ambao ulimalizika Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57. Humo wasemaji wengi walibishania kiapo kwa mfalme na hadhi ya nchi. Suala la mpaka liliguswa kidogo tu, jambo linalomshangaza msomaji wa leo.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa mkataba uliipa kaskazini haki ya kujitoa katika dola jipya la Ireland lililoundwa chini yake, nayo ikaitumia Desemba 1922. Mtu anaweza kuwalaumu wajumbe hao kwa kukubali kiapo, au kwa kuitumainia tume ya mipaka, iliyotajwa katika mkataba ili kupitia upya mpaka wa kaskazini, ambayo mwishowe haikubadilisha mpaka; hiyo ni hukumu yenye hoja. Ujumbe wa kuuzwa kwa kaskazini hauna msingi huo, hivyo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.