Je, wajua kwa nini mafuta ya taa hung'oa utomvu kwenye msumeno lakini hayafui dafu kwa gundi nyeupe?

Kwa mafundi seremala wetu wengi, Unguja na Pemba, dawa ya msumeno ulionata ni moja: kitambaa na mafuta ya taa. Ukiwa umepasua mbao za paini zilizovushwa kutoka Bara, dawa hiyo inakubali vizuri tu. Lakini chukua msumeno uliokata viungo vya kabati kabla gundi haijakauka sawasawa, usugue kwa mafuta hayo hayo mpaka chupa iishe. Gundi itabaki pale pale, imeng'aa kama vanishi.

Kabla ya kueleza kwa nini, tutazame kwanza madhara ya uchafu wenyewe. Meno ya msumeno wa mkono hupindwa moja kulia, moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa la msumeno. Kwenye diski ya mashine kazi hiyo hufanywa na vipande vya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida) vilivyobandikwa kwenye ncha, ambavyo ni vinene kuliko diski yenyewe. Nafasi inayobaki kila upande haifiki hata milimita moja. Utomvu au gundi ikiganda ubavuni na nyuma ya meno, nafasi hiyo inakwisha. Bapa linaanza kusuguana na mbao, msuguano unaleta joto, joto linayeyusha utomvu zaidi, na utomvu huo unajibandika juu ya ule wa mwanzo. Mbao inatoka na alama za kuungua, mota inalalama, na fundi anasukuma kwa nguvu zaidi, jambo ambalo kwenye mashine ni hatari kwa sababu ubao unaobanwa unaweza kurushwa nyuma. Wengi hapo husema msumeno umekufa makali, wakakimbilia tupa. Kila ukipiga tupa unaondoa chuma ambacho hakirudi, na huenda meno hayakuwa na kosa lolote.

Sasa mafuta ya taa. Utomvu wa paini, kama wa mbao zitokazo shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, una kemikali ambazo kwa sehemu kubwa ni kaboni na haidrojeni, na hazielewani na maji. Mafuta ya taa nayo ni kaboni na haidrojeni tupu. Vitu vya ukoo mmoja huyeyushana. Hata tapentaini ya kuchanganyia rangi hukenekwa kutoka utomvu huo huo wa misonobari, ndiyo maana nayo inauondoa kwa wepesi. Kanuni hii kila nyumba ya Kizanzibari inaijua bila kuiita kemia: anayepasua fenesi hupaka mafuta kisuni na mikononi kwanza, maana ule ulimbo ukishakamata, maji yatautandaza tu.

Utomvu wa paini una udhaifu mwingine ambao binafsi naupenda kuliko mafuta ya taa. Ndani yake mna asidi. Sabuni ya unga iliyoyeyushwa katika maji ya moto ni alkali, na alkali ikikutana na asidi hizo huzigeuza kuwa aina ya sabuni, ambayo maji yanaichukua. Vua diski kwenye mashine, waya ukiwa umeshachomolewa kwenye umeme, ilaze kwenye sinia kuukuu (si lile la kulia wali), mimina maji ya moto yenye sabuni na iache robo saa. Kisha pitisha mswaki wa zamani, ukifuata nyuma ya kila jino. Brashi ya waya wa chuma iweke mbali: kabaidi ni ngumu sana lakini haina uvumilivu wa kugongwa, na kipande kikimeguka ndiyo basi.

Gundi nyeupe ni habari nyingine kabisa. Ukiimwaga, unachokiona ni vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakikauka, vitone vinabanana na kushikana kuwa ngozi moja. Lakini ndani ya ngozi hiyo zimebaki sehemu zinazopenda maji, na hizo ndizo mlango wa kuingilia. Maji yakipenya, gundi inavimba, inarudi weupe na kulegea. Mafuta ya taa hayapati pa kushika. Kwa hiyo loweka kwa maji ya uvuguvugu, ongeza siki kidogo kama gundi ni ya siku nyingi, na ikishavimba ichambue kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki. Mara nyingi hutoka kama ganda. Ile ya kuhimili maji huchukua muda zaidi na hutaka maji ya moto kweli.

Joto nalo lina sehemu yake. Plastiki ya gundi hii huanza kulainika kwenye nyuzijoto 30 hadi 40 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho mchana wa Februari hapa kwetu unakikaribia bila hata kuwasha mashine. Msumeno unaosuguana na mbao unakipita mara moja. Gundi inalainika, inapakazwa bapa zima, kisha msumeno ukipoa inaganda tena, nyembamba na ngumu. Kuiacha gundi ikauke mpaka kesho kabla ya kukata ni rahisi kuliko usafi wote huu.

Gundi ya njano ya mafundi viti na viatu ni mpira ulioyeyushwa, na thina huiyeyusha upya. Ile ya matone inayokamata vidole hulegea kwa asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ikishakomaa haiyeyuki kwa chochote cha dukani, kwa sababu chembe zake zimeungana kuwa wavu mmoja, hiyo utaikwangua. Petroli usiiguse hata kama iko karibu. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, wakati mafuta ya taa yanahitaji kupashwa hadi nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake, na hata hayo yasikaribie jiko wala sigara.

Wapo wanaotumia kostiki soda, ile ya wapika sabuni ya mwani. Utomvu inautafuna kweli, lakini inatafuna na ngozi na macho, alumini ikiigusa huchemka na kutoa gesi inayowaka, na watengenezaji kadhaa wa diski huonya kwamba alkali kali huharibu meno ya kabaidi. Kwa sabuni ya unga kupatikana kila duka la mtaa, sioni haja. Wala usiuchome msumeno motoni kuunguza uchafu. Chuma hupoteza ugumu wake.

Ukimaliza, kausha papo hapo. Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kilicholala na maji huamka na kutu. Paka mafuta kidogo sana, ya nazi yanafaa. Ya alizeti hapana: yakikaa hewani huganda na kuwa unato mpya. Sifa inayopakwa kwenye majahazi, kwa kuwa ni mafuta ya samaki, ina tabia hiyo hiyo.

Halafu geuza ncha za meno kwenye jua. Jino kali halirudishi mwanga kwenye ukingo wake. Likionyesha kimstari kinachong'aa, ukingo umeviringika na hapo ndipo tupa inahusika. Aliyepasua mnazi mkongwe hukiona kimstari hicho mapema, maana upande wa nje wa gogo lake hula makali haraka, na hakuna sabuni itakayoyarudisha.