Sare nyeusi za Brunswick: dhana potofu na ukweli wake

Kikosi changu cha kwanza cha sanamu ndogo za askari za kupaka rangi, za milimita 28, kilikuwa cha Brunswick, dola ndogo ya Kijerumani, wale waliopigana na Napoleon huko Waterloo, 1815. Nilikichagua kwa uvivu: sare nyeusi tupu, nikahesabu kazi ya jioni moja. Rangi ilipokauka, mezani palikuwa na lundo la makaa.

"Sare ni nyeusi, basi paka nyeusi." Hapa ndipo nilipoharibu. Nyeusi ya kichupa humeza mikunjo, vifungo na zile kamba za kifuani, ukabaki na kivuli chenye bunduki. Koti la mtu mzima likipigwa na jua huonyesha mikunjo yake lenyewe. La kisanamu kisichozidi kidole gumba, mwanga huo uuchore wewe. Anza na kijivu kilichokolea sana. Nyeusi yenyewe iachie mifereji: chini ya mkanda, kwapani, katikati ya miguu.

"Ukitaka kung'arisha, changanya nyeupe." Utapata askari aliyemwagiwa unga. Utamu wa kazi uko hapa, maana koti, mkanda na kofia vyote ni vyeusi, tena vinagusana. Sufu haing'ai, ngozi hung'aa. Kwa hiyo kijivu cha koti nakitilia buluu kidogo, cha mkanda nakitilia kahawia, na juu ya ngozi napitisha mstari mmoja mwembamba wa mwanga, basi. Kamba za kifuani sizichori moja moja (macho yangu hayataki tena): nafuta brashi kwenye tishu mpaka ikaribie kukauka, nailaza ubavu, kisha naipitisha kwa kuzikatiza. Rangi inashika migongo ya kamba tu. Mwisho ni vanishi isiyong'aa mwili mzima, na tone la inayong'aa kwenye ngozi.

"Kila askari wa Brunswick alikuwa na fuvu kwenye kofia." Mwaka 1815 fuvu lilikuwa la Leib-Bataillon (batalioni ya walinzi) na wapanda farasi. Batalioni tatu za askari wa miguu wa kawaida zilikuwa na bamba lenye farasi. Zile za askari wa miguu wepesi, pembe ya kuwindia. Wala si wote waliovaa nyeusi: wawindaji (walenga shabaha) wa Avantgarde, kikosi cha kutangulia, walikuwa na makoti ya kijivu yenye kola za kijani. Kola ndizo zinazomwokoa mpakaji: samawati kwa Leib, nyekundu, kijani na nyeupe kwa batalioni ya 1, ya 2 na ya 3 za askari wa kawaida.

"Kijani iliyokolea ni rahisi kuliko nyeusi." Waulize waliopaka Kikosi cha 95 cha Uingereza, wale wa bunduki za Baker. Koti ni kijani iliyokolea, kola na miisho ya mikono ni nyeusi, na kinachozitenganisha ni utepe mweupe mwembamba. Ukitoka mnene, usiukwangue. Upunguze kwa kijani upande mmoja na nyeusi upande wa pili, mpaka ubaki unywele.