Si dawa inayosafisha maji taka ya Lubigi

Ukipita Barabara ya Hoima ukitoka Kampala, harufu ya Lubigi, kituo cha kusafisha maji taka, hukufikia kabla hujaona chochote, na hukosi kumsikia abiria akisema: "Hapo wanatia dawa kali, kisha wanaimwaga mtoni."

Dawa anayoifikiria ni klorini, na hiyo kazi yake iko Ggaba, kwenye mitambo ya maji ya kunywa. Ukiitia kwenye maji taka mabichi, uchafu wenyewe utaimaliza karibu yote, na kitakachobaki kitaua vijidudu ambao ndio wafanyakazi wa pale.

Malori ya kunyonya vyoo yakishamwaga, tope hutengwa na kuanikwa chini ya mapaa. Maji huingia kwanza kwenye mabwawa yenye kina kirefu, yasiyo na hewa, ambako vijidudu hula uchafu taratibu. (Harufu ni ya hapo.) Kisha huenda kwenye mabwawa ya kina kifupi, ya kijani kibichi. Watu huyaona hayo wakadhani yameoza. Kumbe ule ukijani ni mwani mdogo mno, unaotumia jua kutengeneza oksijeni ambayo vijidudu wa hapo huihitaji.

Bila mabwawa, vijidudu wangefanya kazi ileile mtoni, ila kwa kutumia oksijeni ya samaki. Maji yanayotoka huingia kwenye kinamasi cha Lubigi, penye mafunjo, ndipo yaelekee mto Mayanja na Kafu. Si ya kunywa, bila shaka.