Dansi ya mfuatano si "dansi za wazee"

Wiki iliyopita ndugu yangu mmoja alituma video ya harusi kwenye kundi letu la ukoo. Watu kama arobaini wamejipanga mistari minne, wote wanakwenda kushoto, wote kulia, wanainama, wanageukia ukuta mwingine, wanaanza upya. Chini yake kaandika: "Sequence hiyo, kama ya wale wazee unaocheza nao Uingereza." Nikamezea. Siku ya pili yake nikapita kwenye ukumbi ninakocheza kila Jumanne mchana, hapa Leicester, nikakuta mwenzetu kajitolea kutafsiri tangazo kwa Kiswahili: "Dansi za wazee katika ukumbi wa mpira." Hapo sikuweza kumezea tena.

Maana yenyewe ni fupi, naipita mbio. Dansi ya mfuatano, ambayo Waingereza huiita sequence, ni dansi ya wawili wawili ambayo mtunzi wake amezipanga hatua zote, aghalabu katika baa 16 za muziki (baa ya muziki, yaani kipande kifupi cha mapigo machache, siyo ile ya bia), na jozi zote ukumbini hupiga hatua ileile kwa wakati uleule, zikizunguka kinyume cha mishale ya saa. Baa ya 16 ikiisha, mnarudi kwenye ya kwanza, mpaka muziki unyamaze. Katika waltz au foxtrot ya kawaida anayeongoza ndiye anayeamua hatua ijayo, na jozi ya pembeni haijui mnakwenda wapi mpaka mgongane. Katika mfuatano, mtunzi alishaamua zamani. Basi, ndiyo hiyo.

Sasa majina, maana ndiko fujo inakoanzia.

Huo "ukumbi wa mpira" ni tafsiri ya ballroom, na mtafsiri nisimlaumu sana, kwa kuwa hata Waingereza wengi hawajui kwamba ball hiyo haina undugu na ya kupiga danadana. Imetokana na ballare, Kilatini cha baadaye, maana yake kucheza ngoma. Shina hilohilo ndilo lililozaa ballet. Kwa hiyo ballroom ni ukumbi wa dansi tu. Sisi wenyewe neno tunalo tangu enzi za babu zetu: Dar es Salaam na Tanga miaka ya 1930 mtu aliposema anakwenda dansi, hakumaanisha ngoma wala beni. Alimaanisha bendi ya ala, viatu vilivyong'arishwa, na watu wawili wawili wakicheza foxtrot, waltz au rumba. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, na mpaka leo tunasema muziki wa dansi bila kufikiri kwamba neno limevuka bahari. Sioni kwa nini tangazo la Leicester liende kuazima mpira.

Sequence nayo ni Kilatini, sequi, kufuata. Hapa Kiswahili kimebahatika: mfuatano, kutoka fuata, ni neno lilelile limevaa kanzu. Na ukilisikiliza vizuri utaona halisemi lolote kuhusu umri. Linasema hatua ya tatu inafuata ya pili, kila mara, kwa kila mtu. Dansi iliyotungwa mwezi uliopita ni ya mfuatano. Iliyotungwa 1900 ni ya mfuatano pia. Mwaka huohuo wa 1900 Arthur Morris, mwalimu wa dansi wa Leeds, alitunga Veleta, na inachezwa hadi leo. Jina hilo ni Kihispania, ni kile kishale au jogoo wa bati juu ya paa anayegeuka kufuata upepo. Nalipenda sana jina hilo, kwa sababu ukiicheza unaona kabisa kwamba mtu alikuwa akimtazama jogoo huyo. Baa mbili za kwanza mmeshikana mkono mmoja, mnatoka kwa mwendo wa waltz, miili inafunguka kidogo kisha inarudi kutazamana. Ya tatu na ya nne mguu unateleza pembeni, wa pili unavutwa kuufuata, halafu tena. Ya tano mpaka ya nane upepo umegeuka: yaleyale, kwa mkono mwingine, mkirudi mlikotoka. Ya tisa na ya kumi mnashikana mkao wa waltz na kuzunguka, mbili zinazofuata mnateleza tena pembeni, nne zilizobaki mnazunguka moja kwa moja. Ndiyo yote. Mtu wa viatu vya raba anaijifunza kabla chai haijapoa.

Tukirudi kwenye "wazee", neno linaloniudhi kuliko yote: kosa hili lina mzizi wake, nao ni jina la Kiingereza, Old Time, yaani "wakati wa zamani". Dansi za mfuatano huku zimegawanywa katika mafungu matatu. Moja ndiyo hiyo Old Time, la pili ni la mtindo wa kisasa, la tatu la mtindo wa Amerika ya Kilatini, yaani rumba, cha cha na jamaa zake. Anayesikia Old Time anadhani ni dansi kuukuu, na za kisasa ni mpya. Sivyo. Mpaka kati yake umo miguuni.

Mchezaji wa Old Time anasimama kwa nafasi tano za ballet, vidole vya miguu vikitazama nje, na hatua zake nyingi bado zina majina ya Kifaransa, pas de valse na wenzake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wacheza dansi wa Uingereza walianza kutembea tu: miguu sambamba, vidole mbele, kama mtu anayekwenda sokoni, ila kwa madaha. Huo ndio ukaitwa mtindo wa kisasa, na ule wa vidole nje ukabaki na jina la zamani. "Kisasa" hiyo yenyewe sasa ina miaka mia. Ndiyo maana dansi ya mfuatano iitwayo Mayfair Quickstep, iliyotungwa 1956, si Old Time hata ikifikisha miaka mia mbili, kwa kuwa miguu yake ni sambamba. Na mtunzi anaweza kukaa jikoni kwake leo, akatunga dansi ya vidole nje, ikawa Old Time mbichi kabisa. Kwenye mashindano siku hizi fungu hilo wanaliita Classical, nadhani kwa sababu walichoka kueleza ninachokieleza hapa.

Kwa hiyo dansi ya mfuatano ya zamani ni jambo moja na Old Time ni jambo jingine. Zinakutana mara nyingi, kama Veleta, lakini hazilazimiki.

Mtu ataniambia haya ni ya kuchambua mchele uliokwisha pikwa. Lakini ukikosea jina unakosea pia namna ya kuzihifadhi. Siku moja nilialikwa kwenye mchana wa kufufua dansi za zamani, mahali sitapataja. Walioandaa walidhani kinachotakiwa ni hali ya uzamani: vitambaa vya meza, picha za Blackpool, mji wa pwani ya Uingereza unaosifika kwa dansi, ukutani, nyimbo za zamani kutoka kwenye simu. Tukaanza Veleta. Mzunguko wa kwanza safi, wa pili safi. Wa tatu, mwimbaji akaongezewa baa nne za kupumzika katikati ya wimbo, kama wafanyavyo kwenye rekodi za kusikiliza. Nasi tukaendelea kuhesabu. Kuanzia hapo kila tulipotoa hatua ya kwanza, wimbo ulikuwa katikati ya sentensi. Bibi niliyekuwa nacheza naye, anayekaribia miaka themanini na tano, hakusema kitu. Alinibana tu mkono kwa nguvu kila baa ya 16, kama anayekanyaga breki kwenye gari la mtu mwingine.

Dansi ya mfuatano haiwezi kuhifadhiwa bila muziki unaogawanyika kwa 16, wenye kasi isiyoyumba, na aghalabu baa nne za kutangulia ili watu wajiweke. Harry Davidson alipoanza na okestra yake kupiga muziki wa Old Time katika redio ya BBC, 1943, watu walisukuma meza nyumbani wakacheza kweli, kwa sababu hesabu ilikaa sawa.

La pili ni karatasi. Kila dansi ina hati yake, ukurasa mmoja au miwili, kwa vifupisho: M mwanamume, L mwanamke, LOD ule mwelekeo wa kuzunguka ukumbi. Klabu yetu inazo ndani ya bati la biskuti, nyingine zimechapwa kwa taipureta, nyingine zina masahihisho ya penseli ya mikono mitatu tofauti. Nilichukua moja nikidhani nitaisoma kama mapishi. Katikati imeandikwa: "baa 9 mpaka 12, kama Veleta 1 mpaka 4." Basi. Mwandishi hakuona haja ya kueleza, maana nani hakuijua Veleta? Hati hiyo ni nzima kwa sababu tu dansi nyingine iko hai. Veleta ikisahaulika, inaanguka na hii, na ile iliyosema "kama hii". Dansi mpya hutoka kila mwaka, nyingi zinachezwa miezi michache na kuachwa, na hati zake zimejaa marejeo ya namna hiyo.

Hilo la kutoka kila mwaka nalo si la juzi. Tamasha la dansi la Blackpool lilipofanyika mara ya kwanza, Pasaka ya 1920 katika Empress Ballroom, mashindano yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya kutafuta dansi mpya za mfuatano: waltz moja, two step moja, foxtrot moja. Yaani mahali ambapo leo dunia nzima inapajua kwa wacheza waltz wa kuteleza huru, palianza kwa watunzi wa baa 16.

Na video? Inasaidia, mimi mwenyewe huwarekodi wazee wakikubali. Lakini video inaonyesha jozi moja, siku moja, na goti lake bovu. Kijana ataiga na goti.

Basi nimemjibu ndugu yangu hivi: Kaka, video ni tamu, na yule bwana wa mstari wa pili ana kiuno cha haki. Ila ile ni dansi ya mistari: kila mtu peke yake, mnatazama ukuta, mnageukia ukuta wa pili. Inafanana na ya mfuatano kwa kurudiarudia tu. Siku ukiona wawili wawili wanauzunguka ukumbi, na wewe ukiwa mlangoni unaweza kusema watafanya nini kabla hawajafanya, nitumie hiyo. Hata kama wote wana miaka ishirini.

Tangazo nalo tumelirekebisha na mwenyewe, kwa amani. Sasa linasema "dansi za mfuatano, za zamani na mpya". "Ukumbi wa mpira" tumeuacha kwanza, maana Jumamosi watoto wanaweka magoli humo humo.