Kizunguzungu, Kelele na Sikio: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Malindi

Siku ya Usikivu Duniani, tarehe 3 Machi, inapokaribia, kliniki ya masikio, pua na koo hapa Malindi hupokea malalamiko ya namna mbili: kelele za disko matanga, yaani muziki wa usiku kwenye msiba, na kizunguzungu. Wananchi huyaona kama mambo mawili yasiyohusiana. Kumbe sikio la ndani lina kazi mbili, kusikia na kuuzuia mwili usiyumbe, na zote hutegemea umajimaji na seli zenye vinyweleo.

Sauti hupiga ngoma ya sikio na kutikisa mifupa mitatu midogo. Wa mwisho, kikuku, haufiki milimita 4, nao ndio unaosukuma umajimaji wa koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia. Humo mna seli za vinyweleo takriban 15,000 katika kila sikio. Zikifa hazioti tena. Hakuna habasoda wala mafuta ya nazi yatakayozifufua, na tungeomba swali hilo lisiletwe tena dirishani.

Kando ya koklea iko mifereji mitatu ya nusu duara. Ukigeuza kichwa, umajimaji wake hubaki nyuma kidogo, kama maji ya dumu mkokoteni unapoondoka ghafla, na vinyweleo vikainama. Ubongo husoma mwinamo huo pamoja na habari za macho na nyayo. Karibu na mifereji kuna vijiwe vya chokaa, vidogo mno, vinavyotambua upande wa chini ni upi. Vikibanduka vikaingia mferejini, mtu akijigeuza kitandani nyumba nzima humzunguka, kisha baada ya sekunde chache hutulia. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hufika kwetu ameshameza dawa ya presha ya jirani. Si presha, na wala si jini. Mhudumu humlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu ili vijiwe virudi mahali pake, kazi ya dakika chache. Ila kizunguzungu chenye mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito huenda ni kiharusi, na hapo usije kliniki, nenda chumba cha dharura.

Wazamiaji wa Mayungu na Ngomeni wana jambo lao. Mita 10 chini ya maji, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Mwenye mafua mrija wake wa kutoka koo hadi sikio la kati umevimba, hata akibana pua na kupuliza hewa haipiti. Ngoma ikipasuka kwa shinikizo hilo, maji ya baridi huingia na kizunguzungu kumshika papo hapo, asijue juu ni wapi. Damu sikioni si ukomavu wa kazi. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe kwa wiki kadhaa sikio likikaa kavu. Usitie matone kabla ya kuchunguzwa.

Sasa kelele. Kanuni za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, zinaruhusu, nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni huanza saa 2:01 hadi saa 12 asubuhi. Udhibiti wa kelele ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Anayetaka kuzidisha viwango huomba kibali kabla ya shughuli, si polisi wakishafika. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. "Ni matanga ya mzee wetu" si kibali. Mlalamikaji aandike mahali, tarehe, na saa kelele ilipoanza na kuisha, apeleke kwa ofisi ya mazingira ya kaunti. Kliniki haina mamlaka ya kuzima spika ya mtu.

Sikio likiziba ghafla bila maumivu, usingoje liamke. Matibabu yake yana nafasi kubwa zaidi siku za mwanzo, kwa hiyo njoo siku hiyo hiyo hata kama si siku ya kliniki. Wanaokuja kwa kipimo cha kawaida cha usikivu waje asubuhi, wasichokonoe masikio kwa vijiti vya pamba, na wasitoke disko moja kwa moja. Watakaotoka huko watapangiwa siku nyingine.