Msiba upo wapi?

Juzi nilimpigia simu mama anayeniuzia dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Akapokea kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nipo msibani, nitakupigia." Nikampa pole, nikakata. Ila kazi hii ya kuchimba maneno haina adabu, nikabaki nalitafuna neno lenyewe. Msibani. Yaani msiba una mahali, una turubai na viti vya kukodi, na mgeni akiuliza "Msiba upo wapi?" anaelekezwa Nyakato kama anavyoelekezwa sokoni.

Neno halikuanza hivyo. Ni la Kiarabu, musiba, na limetoka kwenye kitenzi asaba, kupiga shabaha: mshale umerushwa, ukafika ulikolengwa. Musiba basi ni jambo lililokupata, likakugonga. Wanaosoma Kurani wameshakutana na ndugu hawa wawili wakiwa bega kwa bega katika sura ya Al-Baqara, aya ya 156, pale panaposemwa "ukiwapata msiba".

Kiswahili kilipolipokea kilidhani ile mu- ni kiambishi chake, kikatengeneza msiba na misiba kama mto na mito. (Mwalimu naye ni wa njia hiyohiyo, walimu tumewazaa wenyewe.) Kinachonifurahisha ni kwamba hatukuchukua neno moja. Wingi wa Kiarabu ulikuja nao, ukawa masaibu. Kitenzi kikaja, kikawa -sibu, na kila tukisema "yaliyomsibu" ule mshale bado unaruka. Watatu wa tumbo moja, lakini leo nani anawaona ndugu? Masaibu mtu anayasimulia hata huku anacheka. Msiba umeng'ang'ania kifo.

Tena umeng'ang'ania kweli. Darasani niliuliza maana ya "Msiba wa kujitakia hauna kilio". Kijana mmoja akajibu kwamba ni kuhusu mtu aliyejiua. Nilicheka, kisha nikaona kwa Kiswahili chake hajakosea. Methali inasema msiba kwa maana ya balaa lolote. Yeye amekua akijua msiba ni jeneza, kamati, daftari la michango na rambirambi.

Maana ya zamani huibuka maafa yanapokuwa makubwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, tulisema msiba wa taifa. Hapo hatukumaanisha turubai, tulimaanisha pigo. Ingawa hata ule wa 1996 ulipata mahali pake: nenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama.

Huzuni, ambayo pia ni ya Kiarabu, imekataa safari hii. Imebaki moyoni. Sijawahi kupokea simu ya mtu akaniambia "nipo huzunini, nitakupigia". Mtu anaweza kuwa msibani kutwa nzima bila huzuni yoyote, anakata vitunguu na kupiga soga na mashoga zake, na hakuna atakayemlaumu, maana amekuja.

Jioni mama wa dagaa alinipigia. Walikuwa wameshazika tangu saa tisa. Nikamuuliza kama kesho atakuwa Mwaloni.

"Hapana, Mwalimu, nalala hukuhuku. Msiba bado haujaisha."